Kiunganishi cha Msalani

Kiswahili kina stara nyingi kwa mahali padogo. Tunasema msalani, maliwato, uani. Mgeni mwenye haya huomba tu "kwenda kujisaidia". Neno choo lenyewe limebeba mzigo maradufu: ni chumba, na ni kinachoachwa humo, ndiyo maana daktari huuliza, "Umepata choo?" bila kuulizia jengo. Nimefundisha tafsida kwa miaka mingi, nikiisifu kuwa ni adabu ya lugha. Februari iliyopita iliniponza.

Mama yangu, aliyetoka Mpwapwa kuja kuishi nasi hapa Nkuhungu, Dodoma, hawezi tena kuchuchumaa, magoti yamegoma. Kwa ajili yake tuliondoa choo cha zamani tukaweka cha kukaa. Mvua zilipokolea, nyumba ikaanza kunuka. Mke wangu akawasha udi, mimi nikanunua dawa ya kusafishia, watoto wakawa wanapita mbio. "Hewa si nzuri," tuliambiana, kana kwamba tunatabiri mvua.

Kisha nikaona Mama hanywi maji. Chai aliikataa, uji wa uwele aliuonja tu. Nilipombana alitazama chini.

"Mwanangu, najua ni mimi. Uzee unanuka. Nikinywa kidogo, nitakwenda kidogo."

Nilikosa jibu. Kimya chetu cha wiki tatu alikuwa amekifasiri peke yake, na alikuwa amekifasiri dhidi yake mwenyewe.

Siku hiyohiyo nikamwita fundi bomba. Alimwamkia Mama kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akainama nyuma ya sinki la choo, kisha akainuka.

"Uniwie radhi, bibi, nitasema ilivyo. Choo kinavuja mavi. Kiungo kimepasuka."

Mama aliinua uso kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Fundi akanieleza. Ndani ya sinki mna shingo iliyopinda ambayo daima hubakiza maji. Maji hayo ndiyo yanayozuia harufu isipande. Alexander Cumming, fundi saa wa Kiskoti aliyefanya kazi London, alipata hataza ya choo chenye shingo ya namna hiyo mwaka 1775. Lakini shingo hailindi kilicho nyuma yake. Sinki letu lilikuwa limeunganishwa na bomba la inchi 4 kwa saruji tupu. Sinki hutikisika kila mtu anapokaa, na saruji haijui kutikisika, hupasuka.

Tulifunga koki, tukavuta maji ya tangi, tukachota yaliyobaki kwa kopo na kuyakausha kwa kitambaa. Fundi akafungua skrubu za sakafuni, akabandua saruji kwa tindo, polepole, asije akavunja kauri. Sinki lilipotoka, aliziba mdomo wa bomba kwa tambara ili vipande visitumbukie na hewa chafu isitoke. Akasugua ncha zote mbili, akatoa tambara, akapaka povu la sabuni kwenye mpira mpya na kuusukuma mpaka ukakaa. Yeye aliuita koneka. Mimi, mtu wa sarufi, niliona kiunganishi: neno dogo lisilojitosheleza, lakini likilegea, sentensi nzima huvuja.

Tukalirudisha sinki, tukalisawazisha kwa pima maji, tukakaza skrubu. Kisha tukazungusha karatasi kavu kwenye kiungo na kuvuta maji mara tano. Karatasi ilibaki kavu.

Husimuliwa kwamba jina la mji wetu limetokana na neno la Kigogo, idodomya, yaani imezama, kwa sababu ya tembo aliyedidimia matopeni. Waliomwona hawakusema kwamba ardhi si nzuri. Walisema amezama, na neno lao likawa mji.

Bado nafundisha tafsida, na bado naipenda. Nimeongeza swali moja tu darasani: stara hii inamsitiri nani, na inamwaibisha nani?

Jioni ile Mama aliomba chai. Alipomaliza kikombe cha pili alijikongoja, akasimama, akatangaza kwa sauti ambayo hata jirani aliisikia:

"Naenda chooni."