Hodi za usiku

Leeds, Januari

Shoga yangu,

Umesikia kwamba tangu serikali yetu itie saini mkataba na Uingereza Julai 2021 wauguzi wa Kenya wana njia ya kuja, ukaniuliza kama nawe ulipie ule mtihani wa Kiingereza.

Usidhani huku manesi wanacheka. Chama chao kikubwa, RCN, kiligoma hapa England Desemba 2022, mara ya kwanza tangu kiasisiwe 1916. Nesi mwenyeji aliyenionyesha mitaa hii ya wagonjwa wa majumbani, mimi na begi langu la bandeji, keshahamia Australia. Nao pia wana ughaibuni wao.

Lakini wiki yangu ya kwanza niliona karatasi imebandikwa ukutani, juu ya birika la chai. Ratiba ya zamu, ya wiki sita mbele. Nikajua Jumapili gani ya mwezi ujao nitalala mpaka jua litoke (jua lenyewe ni la kubahatisha). Machozi yakanitoka, wenzangu wakadhani nimefiwa.

Maana kule kwetu hodi ndiyo ilikuwa ratiba. Asubuhi chanjo, mchana wajawazito, jioni kujaza rejista, kisha usiku mtu anagonga dirisha la ile nyumba nyuma ya zahanati, na huwezi kumwambia umelala. Nilikwambia ya wale mapacha? Stima imepotea, simu nimeiuma kwa meno ili tochi imulike, mate yananichuruzika kidevuni. Asubuhi yake wakaja wakaguzi na gari lao. Wakahesabu rejista, wakauliza kwa nini safu moja haijajazwa, wakaenda zao. Hawakuwa watu wabaya. Fomu yao haikuwa na mahali pa kuandika usiku.

Pesa? Pesa ni pesa, sikudanganyi. Mshahara ukichelewa hadi mwenye duka anakukwepa macho, nani atakusikiliza habari za wito? Mwaka 2017 tuligoma karibu miezi mitano, Juni hadi Novemba, nikarudi kazini na deni la unga. Na bado sikuondoka. Nilichokuwa nikiomba, barua baada ya barua, ni mtu wa pili.

Huku msimamizi aliponiita mara ya kwanza tuzungumze faragha, nilijua nafukuzwa. Kumbe anataka kujua ni nyumba ipi ya mgonjwa inanielemea. Nikamtajia. Wiki iliyofuata tukaanza kwenda wawili.

Basi kule zahanatini, ulipoletwa wewe, nikakupikia wali wa nazi kwa furaha, nawe hukujua fomu zangu zilikuwa zimeshatumwa. Hilo sijawahi kukwambia. Kwa hiyo mimi si wa kukushauri ubaki, wala sina uso wa kukwambia njoo.

Niambie kwanza: tangu niondoke, wamekuletea mwenzio? Na usiku nani anaamka?