Likizo ya Kipupwe: Kutoka Pwani Hadi Isiolo

Kila mwaka kusi likishika na shule zikikaribia kufungwa kwa likizo ya Agosti, swali huwa ni lile lile majumbani mwetu: watoto tuwapeleke wapi? Wenye uwezo hutaja Dubai, ilhali Agosti joto la huko hupita nyuzi 40 na familia hushinda ndani ya maduka. Wengine huwapeleka Nairobi kwa jamaa, wakakaa wiki nzima wamejifunika mablanketi mbele ya televisheni. Sisi mwaka huu twapenda kuwatajia wasomaji wetu mji ambao watu wa pwani huupita tu wakielekea Marsabit au Moyale, nao ni Isiolo.

Kwanza ifahamike kwamba nchi yetu ni kubwa, na sisi wa pwani tumezoea kuhesabu majira kwa pepo: kaskazi, masika, kusi, kipupwe, vuli. Hesabu hiyo bara haitoshi. Huko kinachotawala ni kimo cha ardhi, kwani mtu akipanda mita 1,000 joto hupungua kwa kadiri ya nyuzi sita. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, Nanyuki karibu 1,900, na Isiolo karibu 1,100 tu. Basi msafiri atokaye Mombasa atapanda na kupoa, kisha baada ya Timau atateremka na kulikuta joto tena, yote hayo katika safari ya siku mbili.

Reli ya kisasa, iliyofunguliwa mwaka 2017, huwafikisha abiria Nairobi kwa saa tano na ushei, na hapo ni vyema kulala. Asubuhi yake barabara hupita Thika na Karatina hadi Nanyuki, penye kibao cha Ikweta ambacho watoto hawatakubali kupita bila kupigwa picha. (Wakiuliza, waambiwe kwamba wameingia nusu ya kaskazini ya dunia, ambayo vitabuni Agosti ni majira ya joto, kisha waachwe watetemeke na kutafakari.) Mlima Kenya, wenye mita 5,199, uko upande wa kulia, ingawa mwezi huo mara nyingi hujificha mawinguni na huonekana alfajiri peke yake. Mashamba ya ngano ya Timau yakiisha, njia hugawanyika Subuiga: moja yaenda Meru, nyingine yashuka Isiolo. Mteremko huo ndio sehemu tuipendayo kuliko zote. Masweta huvuliwa moja moja garini, kijani hugeuka kuwa manjano, na uwanda wa kaskazini hufunguka mbele kama bahari iliyokauka. Sababu yake ni mlima wenyewe: pepo zenye unyevu kutoka Bahari Hindi humwaga mvua upande wa Meru, zikifika Isiolo zimebaki kavu.

Mji huu una historia inayotuhusu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliwaweka hapa Wasomali wa Isaaq na Harti waliowatumikia jeshini, karibu na Waborana, Wasamburu, Waturkana na Wameru. Wakati wa ukoloni Isiolo ilikuwa mlango wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo mtu hakuingia wala kutoka bila kibali, na vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967 viliongeza majeraha. Hata leo utamsikia mzee wa kaskazini akisafiri kwenda Nairobi akisema kwamba anakwenda Kenya. Watoto wetu, ambao baadhi yao humwona mtu wa kaskazini kama mgeni katika nchi yake, wangefaidika kukaa naye na kunywa chai yake.

Chai yenyewe ni ya maziwa ya ngamia. Biashara ya maziwa haya imo mikononi mwa akina mama, waliojiunga katika ushirika wa Anolei. Huyapokea kutoka kwa wafugaji, huyapima, kisha huyatuma kwa basi hadi Eastleigh. Dada zetu wa pwani wenye vikundi vya akiba wawatembelee kwa adabu. Watapata ya kuzungumza. Pamoja na chai kuna nyirinyiri, nyama iliyokaushwa na kukaangwa ikahifadhiwa katika mafuta. Tuliwahi kuulizwa kuhusu udhu wa aliyekula nyama ya ngamia. Kauli iliyotegemewa katika madhhabu yetu ya Shafi ni kwamba udhu hautenguki, lakini Hanbali wanasema hutenguka, na atakayetawadha ili kujitoa katika khitilafu amefanya vizuri.

Sasa tuseme jambo linalotukera. Tumeona mara nyingi baba akitangaza safari Alhamisi usiku, na mama akapewa siku moja kufunga mizigo, kupika chakula cha njiani, na kutafuta masweta ya watoto watano. Wakifika, mama huyo huyo husimama jikoni katika nyumba ya kukodi, na wengine wakaenda kuangalia wanyama. Hiyo ni likizo ya nani? Shura ya safari ianze mwezi mzima kabla, na mama awe na neno katika siku, katika malazi na katika fedha. Ikiwa kipato hakitoshi siku saba pamoja na chakula cha kununua, ziwe nne. Yeye ndiye ajuaye mtoto yupi ana pumu, na Isiolo mwezi wa Agosti ina upepo na vumbi jingi. Dawa ya kuvuta ikae mkobani mwake, isifungiwe katika sanduku lililo juu ya basi. Bibi mwenye maumivu ya magoti aulizwe mwenyewe kama ataiweza safari, asiamuliwe na watoto wake.

Kwa siku moja ya wanyama, hifadhi za Buffalo Springs na Samburu ziko karibu na Archer's Post, kiasi cha kilomita 35 kutoka mjini, na Mto Ewaso Nyiro kati yake. Humo mna punda milia wa Grevy mwenye michirizi myembamba, twiga mwenye madoa kama vigae, na mbuni wa shingo ya buluu. Swala twiga husimama kwa miguu miwili ili ale majani ya juu. Watoto watamwiga njia nzima. Kwa safari ya mbele zaidi waulizwe wenyeji kwanza, wala isisafiriwe usiku.

Kuhusu ibada, safari hii ni ya kupunguza na kukusanya Sala bila shaka. Anayetia nia ya kukaa Isiolo siku nne kamili, mbali na ya kuingia na ya kutoka, atasali kamili. Siku tatu zinamwachia ruhusa. Kwa baridi ya Nanyuki, khofu zilizovaliwa kwa udhu hupakwa maji na msafiri kwa siku tatu na usiku wake, bali soksi nyembamba hazitoshi katika madhhabu yetu. Kibla ni kaskazini, kama Mombasa. Anayefunga sunna asubiri adhana ya hapo, kwani Magharibi huchelewa kuliko kwetu kwa zaidi ya dakika kumi. Mama aliye peke yake na mabinti asindikizwe na mahram, kaka au mwana aliyebaleghe.

Nanyuki ilalwe usiku mmoja tu, wakati wa kurudi, watoto wakiwa wamekwisha kuzoea bara. Kila mmoja awe na sweta, kofia ya sufi na soksi mbili; mashuka mepesi na kanga yatatosha Isiolo. Tiketi za gari moshi zikatwe mapema, kwa kuwa Agosti huisha haraka, na za kurudi zikatwe siku hiyo hiyo.