Neno Jepesi

Mama alikuwa na miaka 78 moyo wake ulipoanza kwenda mrama, mapigo yakikimbia na kusita kama ubeti uliopungukiwa na mizani. Daktari alimwandikia warfarini, ili damu isigande moyoni ikampanda ubongoni. Nami, niliyezoea kufasiri mashairi ya watu, nikamfasiria kwa neno lililo midomoni mwa wengi: "Ni dawa ya kuyeyusha damu."

Neno hilo halikumtajia jeraha. Magoti yalipomuuma, alimeza aspirini kama ada yake. Siku ya nne choo chake kilikuwa cheusi kama lami. Kwa haya alinificha, hadi alipoanguka ukumbini. Tumbo lilikuwa likivuja damu.

Hospitalini ndipo nilipojifunza upya. Dawa ile haiyeyushi kitu. Huizuia vitamini K isifanye kazi yake, damu ikachelewa kuganda. Kabla ya kuruhusiwa kwa wagonjwa huko Marekani mwaka 1954, iliuzwa kuwa sumu ya panya tangu 1948. Kinachomkinga mzee na kiharusi ndicho kiwezacho kumtoa damu, na umri huzidisha hatari zote mbili. Ndiyo maana damu hupimwa mara kwa mara, kipimo kikae baina ya 2 na 3.

Mama alipopata nafuu nilimwambia: "Ni dawa ya kuichelewesha damu kuganda, ukipata jeraha, hata la ndani, damu haitakatika upesi."

Akanitazama. "Mbona hukusema hivyo tangu mwanzo, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Neno jepesi lilinitosha mimi. Aliyelilipia ni yeye.