Ngome ya Blarney na Shamba la Baba

Mimi ni mtumishi wa vyumba katika meli ya watalii, na si mara nyingi watu wa kazi yangu hupata nafasi ya kutembea nchi kavu. Mwaka jana, meli yetu ilipofunga gati katika bandari ya Cobh, kusini mwa Ireland, nilipewa ruhusa ya siku moja. Nilishuka nikiwa na jambo zito moyoni. Baba yangu, mkulima wa Kinangop, alikuwa ameniarifu kwamba ataacha njegere na kabichi, na ekari zake zote nne atazipanda viazi, kwa kuwa bei ilikuwa nzuri. Sikuona vema, lakini mwana atamwambiaje mzee wake?

Nilifuatana na wageni waliokwenda kuitazama ngome ya Blarney. Njiani tulipita malisho ya kijani kibichi yaliyozungushiwa nyua za miti, na ng'ombe wa maziwa walionona. Ngome hiyo ilijengwa mwaka 1446 na mtawala Cormac MacCarthy. Juu ya ukuta wake lipo jiwe ambalo, kama wasemavyo wenyeji, mwenye kulibusu hujaliwa ufasaha wa maneno. Mtu hulala chali, akashika vyuma viwili, akajinyosha kwa nyuma kichwa kikining'inia. Wageni walifanya hivyo kwa kicheko. Mimi sikucheka, nalihitaji maneno.

Jioni tulirudi Cobh. Karibu na gati pana sanamu ya msichana Annie Moore na ndugu zake wawili. Yeye aliondoka katika bandari hiyo, akawa mhamiaji wa kwanza kuandikishwa katika kituo cha Ellis Island, New York, tarehe 1 Januari 1892. Kabla yake walikuwa wamekwisha ondoka wengi mno, na sababu kubwa ilikuwa njaa. Wakulima maskini walikula viazi peke yake. Nafaka yao iliuzwa kulipa kodi ya ardhi. Mwaka 1845 ukaingia ugonjwa uliokausha majani na kuozesha viazi udongoni, nao ukarudi tena na tena. Katika miaka michache watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja wakahama. Na nchi ni ile ile yenye rutuba niliyoistaajabia asubuhi!

Usiku nilimpigia baba simu. Sikumwambia kwamba amekosea. Nilimsimulia niliyoyaona tu. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Hawakuwa na chakula kingine?"

Nikajibu, "Kilichokuwapo kilikwenda kulipa kodi, Baba."

Msimu uliofuata alipanda viazi ekari mbili. Ekari mbili zilizosalia aliziachia njegere na kabichi kama desturi yake. Wakulima wenzake baba, viazi ni mali, nami sivitukani. Lakini msiviachie shamba zima.