Karatasi ya Pili

Stashahada yangu ya TEHAMA ilichukua miaka mitatu na ng'ombe mmoja wa bibi. Kwa hiyo mwaka 2024, nilipotamka mbele ya familia kwamba kuna cheti kingine ninachokitaka, mama aliacha kugeuza kahawa kwenye turubai akaniuliza, "Na kile ulichokwenda kusomea kilikuwa nini, mwanangu?"

Lilikuwa swali la haki. Cheti chenyewe kinaitwa A+. Kinatolewa na CompTIA ya Marekani tangu 1993, na mafundi wengi duniani ndipo wanapoanzia: kufungua mashine, kubadilisha vipuri, kuunganisha printa, kuondoa virusi, kumsikiliza mtu aliyekasirika bila na wewe kukasirika. Ni mitihani miwili. Ukifaulu mmoja huna kitu; lazima yote miwili, na yote iwe ya toleo moja. Mwaka ule kila mmoja uliuzwa dola 253 kwa bei ya Marekani. Piga kwa shilingi 2,600 ya wakati ule, mara mbili, unapita milioni moja na laki tatu. Hata upate punguzo, kwa nyumba yetu hiyo ni kahawa ya maganda ya msimu mzima, na bado utakopa.

Wakati huo nilikuwa na meza moja ndani ya stesheneri hapa Miembeni. Mwenye duka alipiga fotokopi na kuuza kalamu, mimi nilipiga windo, nilisafisha mashine, niliokoa mafaili ya watu. Sehemu kubwa ya kazi ililetwa na umeme. Kwa miaka mingi Bukoba imewashwa na umeme unaovuka mpaka kutoka Uganda, na radi za ziwani hazina utani. Kila baada ya mvua kubwa nilijua kesho nitapokea pawa saplai mbili tatu zinazonuka kuungua. Kazi nyingine ililetwa na wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaofuata taa usiku. Ukifungua kompyuta ya duka lililoacha taa zikiwaka, unakuta feni imevaa koti jeusi. Sijaona kitabu cha A+ kinachowataja. Wala senene.

Katika miezi yote ya meza ile hakuna mteja aliyewahi kuniuliza cheti. Waliuliza, "Wewe ni wa kwa nani?" Nikitaja jina la babu, mtu anaacha laptopu yenye maisha yake yote ndani bila hata kuandikishana. Nisipomridhisha, anasema atarudi kesho. Na kwa kuwa mimi ni msichana, wapo waliouliza "fundi yuko wapi" wakati bisibisi iko mkononi mwangu.

Sasa, ndugu msomaji, usinielewe kwamba cheti hakina kazi. Kina kazi mahali ambapo babu yako hajulikani. Mwenzangu mmoja tuliyesoma naye alikwenda Dubai. Huko waliomhoji hawakujua chuo chetu kiko wapi, sembuse Muleba. Walijua A+. Walijua maana yake ni maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, mara mbili, na kwamba aliyefaulu anajua kutofautisha kumbukumbu iliyoharibika na diski iliyoharibika. Karatasi ilimsemea kwa watu wasiokuwa na namna nyingine ya kumjua.

Serikalini ni kinyume. Fungua tangazo la Sekretarieti ya Ajira la Afisa TEHAMA Daraja la II uone: wanataka shahada kutoka chuo kinachotambuliwa. Weka A+ yako hapo, itakaa vizuri tu chini ya bahasha. Nadhani vijana wengi tunachanganya milango hii, tunanunua ufunguo kabla ya kuuangalia mlango. Mimi nilitaka mlango wa wasionijua, mashirika na kampuni za Mwanza na Dar ambako nilikuwa nimetuma maombi mengi na sikuwahi kujibiwa hata kwa kukataliwa.

Kusoma hakukuwa gharama kubwa. Yupo mwalimu wa Marekani anayejiita Professor Messer, ameweka masomo yote ya video bure. Nilikuwa nikiyapakua kwa bando la usiku. Gharama ilikuwa mtihani, na mahali pa kuufanyia. Kwenda Dar ni zaidi ya kilomita 1,300 kwa basi. Njia nyingine ni kuufanyia nyumbani, mbele ya kamera, na msimamizi asiyeonekana anakuangalia. Masharti yake: uwe peke yako chumbani, mlango umefungwa, usinong'one, usitoke mbele ya kamera, na mtu yeyote asiingie. Akiingia, mtihani unaweza kuishia hapo na hela yako imekwenda.

Aliyetunga masharti hayo hajakaa katika nyumba ya Wahaya. Mgeni akifika, kijana anatoka kusalimia. Hakuna "yuko bize". Mzee wa jirani hupita bila kubisha kwa sababu nyumba ni yake pia, na msichana anayejifungia chumbani mchana wakati wageni wako sebuleni atajadiliwa hadi Kashai. Nilizunguka wiki nzima kutafuta chumba kimoja Miembeni ambacho hakitaingiwa kwa saa mbili. Mwisho shangazi alinipa chumba chake cha nyuma. Intaneti tuliomba kwa ofisi ya jirani, tukapitisha waya dirishani, mita 40 hivi. (Kikomo cha waya ule ni mita 100, ni jambo ambalo mtihani hupenda kuuliza.) Bibi akaketi kwenye kigoda barazani, fimbo magotini. Kila aliyekuja alimweleza kwa sauti ya chini kabisa aliyoiweza, ambayo niliisikia vizuri sana, kwamba mjukuu wake yuko kwenye mtihani wa Wazungu na wao hawataki salamu.

Nilifaulu. Ilikuwa Februari 2025. Alama za kupita ni 675 kati ya 900, na mimi nilipita kwa nafasi ya kutosha kumfanya bibi adai sehemu yake.

Lakini hiyo ilikuwa karatasi ya kwanza tu. Toleo langu lilikuwa linafungwa Septemba 2025. Nisipofanya la pili kabla ya hapo, la kwanza linakufa nalo. Na mwezi Juni mdogo wangu akachaguliwa kidato cha tano, bweni, mkoa mwingine. Ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa mwaka 2022, tunashukuru, ila godoro halikufutwa, wala sare, ndoo, nauli. Fedha niliyokuwa nayo kwenye kopo ilitosha kitu kimoja. Mama hakusema neno. Alikuwa anaosha vyombo muda mrefu kuliko vyombo vilivyokuwepo. Nilimpa kopo, na mdogo wangu akapanda basi Julai akiwa na godoro jipya.

Agosti akaja dukani Sista mkuu wa shule moja ya jirani. Alikuwa amesikia kwamba Windows 10 itaachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na mtu fulani alikuwa amemwambia anunue kompyuta mpya zote 24. Nikamwomba siku mbili. Nilikwenda na daftari, nikafungua mashine moja moja, nikaandika: kumbukumbu kiasi gani, diski gani, ina kichipu cha TPM 2.0 au haina. Tabia hiyo ya kuandika kila ninachokiona niliitoa kwenye masomo ya A+, ambako hatua ya mwisho ya kutatua tatizo lolote ni kuliandika. Chuoni hatukuwahi kulazimishwa. Saba zilifaa kupanda Windows 11. Zilizobaki nikapendekeza Linux, na mbili zizikwe. Sista alisoma daftari lote, kurasa zote, kisha akaniuliza kwa mwezi nataka kiasi gani.

Malipo yake ya kwanza ndiyo yaliyolipia mtihani wa pili. Chumba kilekile, kigoda kilekile, ila safari hii bibi alikuwa na msaidizi. Nikafaulu, siku chache kabla ya mwezi kwisha.

Wiki iliyofuata nilituma maombi mawili ya kazi, moja Mwanza, moja Dar. La Mwanza walinipigia simu, wanataka kunihoji. Maombi mawili si utafiti, najua. Lakini mistari ile ya wasifu wangu ni ileile iliyonyamaziwa mwaka mzima, umeongezeka mmoja tu.

Nilichapisha nakala ya cheti nikampelekea Sista, aweke kwenye faili la mkataba. Alivaa miwani, akakisoma hadi tarehe ya chini.

"Kinaisha 2028."

"Ndiyo, Sista. Ni miaka mitatu."

"Kwa hiyo ukifika mwaka huo utakuwa umesahau?"

Kabla sijajibu akanionyesha printa ya ofisini, ilikuwa inakwaza karatasi tangu asubuhi.