Jogoo Mkali na Watu wa Uani

Wengi wetu wa mwambao huu twafuga kuku, na katika kila mtaa hapakosi jogoo mmoja ambaye watoto humpitia mbali. Hapa Bofa, Kilifi, jogoo wa namna hiyo hutajwa kama mtu. Husemwa, "Usipite kwa fulani, jogoo wake yuko nje." Watu hucheka, na mwenye jogoo hucheka kuliko wote, maana yeye hajapata kupigwa. Nataka kuandika juu ya kicheko hicho.

Kwanza yafaa tumpe jogoo haki yake. Jogoo asiyethubutu hana kazi kubwa uani. Mwewe akizunguka juu ya minazi, jogoo ndiye atoaye ule mlio wa hatari, na tetea hujibanza chini ya mkorosho pamoja na vifaranga vyao. Akiona punje za mahindi huwaita majike wale kabla yake. Wala yai haliangui baada ya siku 21 pasipo yeye kuwa na sehemu yake. Mmoja kwa tetea wanane hata kumi yatosha.

Ukali huu na uume wake vyatoka mahali pamoja. Mwaka 1848, katika mji wa Göttingen huko Ujerumani, mtaalamu Arnold Berthold aliwahasi majogoo wachanga. Wale aliowaacha hivyo walikua na vilemba vidogo, hawakuwika sawasawa, na hawakutaka vita. Wengine aliwapandikizia korodani tumboni, mahali pasipo pake kabisa, nao wakawika, wakapanda majike na kupigana kama majogoo wote. Basi atakaye jogoo mwenye mbegu nzuri lakini asiye na hasira hata chembe, ataka vitu viwili visivyopatana kwa urahisi.

Huku pwani ukali huo una ukoo wake, nao ni kuchi. Kuchi ni kuku mrefu, mwenye shingo ndefu, manyoya machache yaliyobana mwilini, kilemba kidogo, na miguu kama ya mtu aliyezoea kutembea mbali. Asifika Lamu na Mombasa, asifika Unguja na sehemu nyingi za Tanzania. Wazee walimpenda kwa ukubwa wa mwili, nao vijana walimpenda kwa vita. Wataalamu wa siku hizi walipochunguza nasaba yake waliona ana undugu na kuku wa kupigana wa Asia, akiwamo yule Shamo wa Japani. Sioni ajabu, kwani mwambao huu umepokea vitu vingi kwa jahazi, na kuku ni mzigo mwepesi. Katika Kenya kupiganisha wanyama ni kosa kwa Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, walakini damu ya kuchi haijasoma sheria hiyo.

Kuchi wangu nilipewa na shemeji yangu wa Lamu, ndugu wa mke wangu. Alimleta mwenyewe kwa basi kutoka Mokowe, kwa njia ya Garsen na Malindi, ndani ya tenga, kichwa kikiwa nje muda wote kama abiria aliyelipa nauli. Alikuwa na uzito wa kilo tatu na zaidi. Kwa mwezi mzima tulimfurahia. Mwewe hakuchukua kifaranga hata kimoja.

Baadaye alianza kuonyesha dalili, na dalili hizi yafaa kila mfugaji azijue. Jogoo hatoki tu akapiga. Kwanza huangusha bawa moja na kutembea upande upande. Manyoya ya shingo husimama. Pengine hudonoa chini pasipo na chakula, kama mtu aangaliaye saa yake huku akikusikiliza. Ukimpa mgongo ndipo arukapo, akitanguliza miguu yote miwili, na lile jeraha baya hutoka kwenye kipi, yaani ule mwiba wa mguuni, ambao ndani ni mfupa na nje ni ganda gumu kama pembe.

Niliambiwa dawa nyingi. Mmoja alinishauri nimpige teke. Teke halifai, kwa sababu kwa jogoo teke ni jibu: umekubali vita, naye atarudi kesho kuvimaliza. Kukimbia nako hakufai, kwa kuwa kwamfundisha kwamba ameshinda. Wengine husema asilishwe pilipili, nami sikupata kumlisha. Ile iliyofaa ni ya taratibu. Unamwendea polepole pasipo kurudi nyuma, unamkamata, unamtia kwapani mabawa yakiwa yamebanwa, na unatembea naye kazi zako kama dakika kumi, ukikiinamisha kichwa chake kwa mkono kila akiinuapo, mpaka atulie. Nilifanya hivyo kila jioni nilipotoka kazini, siku saba. Siku ya nane alinipisha njia mwenyewe, akaenda kusimama kando ya mtungi. Ncha za kipi nilizikata kidogo kwa msumeno mwembamba, ncha tu, kwa kuwa ukikata zaidi damu hutoka.

Hapo ndipo mfugaji wa kawaida huanza kucheka kile kicheko nilichokitaja. Husema, "Huyu amekwisha fundishwa." Lakini amefundishwa nini? Mwaka 1922 mtaalamu wa Norway aitwaye Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyekuwa akitazama kuku tangu utoto wake, alichapisha aliyoyaona. Aliona kwamba kuku wa ua mmoja hujuana mmoja mmoja. Huyu humdonoa yule, na yule humdonoa wa tatu, na cheo hupatikana baina ya wawili waliokutana, tena hukumbukwa. Basi jogoo aliyenishindwa mimi ameshindwa na mimi tu. Mke wangu hajapata kukutana naye. Mama yangu hajakutana naye. Mtoto wa jirani, ambaye kimo chake ni kama kimo cha jogoo akiruka, hajakutana naye kabisa, na siku watakapokutana jogoo ndiye atakayechagua saa.

Kwa hiyo neno la mwenye nyumba, "Mimi hanidhuru," si ushahidi wa kitu chochote. Ukitaka kujua tabia ya jogoo, muulize mdogo kuliko wote wapitao uani. Nilikaa nyuma ya dirisha Jumamosi moja nikatazama. Nilipokuwa nje, jogoo alikuwa mpole kama kondoo. Nilipoingia ndani, alingoja kidogo, kisha akaenda kusimama kwenye kijia kiendacho chooni, bawa moja likiwa chini.

Nilimfungia katika banda la fito, na mlango ukafungwa kwa kamba. Wiki moja baadaye, asubuhi nikiwa ofisini, fito mbili zilisukumwa toka ndani. Mtoto wa jirani, mwenye miaka minne, alikuwa ametumwa kwetu kuomba kiberiti. Alipigwa chini ya jicho la kushoto. Baina ya jeraha na jicho palikuwa na upana wa kidole changu kimoja. Nilipima mwenyewe hospitalini, na kidole kilitetemeka. Alishonwa nyuzi mbili na kudungwa sindano ya kuzuia pepopunda, kwani jeraha la kipi ni jembamba na lina kina, nalo huingiza uchafu wa bandani.

Jioni babu yake alikuja. Ni mvuvi wa miaka mingi, mtu wa maneno machache. Nilimkaribisha, akakataa kiti, akakaa mkekani.

"Mwanangu," alisema, "sikuja kudai. Nimekuja kuuliza tu. Kijana atapita wapi kesho?"

Nilimjibu, "Atapita hapa hapa, mzee wangu."

"Basi," akasema, akanywa chai yake.

Usiku ule sikuwaza juu ya mtoto peke yake. Mama yangu akaa nasi, umri wake wakaribia miaka 70, na mishipa ya miguu yake imevimba na kujipinda kama mizizi. Yeye ndiye aokotaye mayai. Nilikuwa nimesoma habari ya mwanamke wa miaka 76 huko Australia, iliyotolewa na madaktari mwaka 2019. Naye alikuwa akiokota mayai uani kwake, jogoo akamdonoa mguuni mahali penye mshipa wa namna hiyo, akavuja damu mpaka akafa. Mdono wenyewe ulikuwa mdogo. Wenye wazee nyumbani na wakumbuke: mshipa wa mguu ukipasuka, mgonjwa alazwe chini, mguu uinuliwe juu, na jeraha libanwe kwa kitambaa safi pasipo kuachia, huku gari likitafutwa.

Habari za jogoo wangu zilienea, na kesho yake kijana mmoja alifika toka ng'ambo ya mkono wa bahari akiwa na shilingi elfu nne mkononi. Hakuficha amtakia nini. Alisema jogoo aliyemwaga damu ndiye wa thamani. Elfu nne si haba kwa karani mwenye watoto shuleni, tena nilimwona mke wangu akizitazama. Lakini fedha ile ilikuwa bei ya jeraha la mtoto wa watu, na kazi aliyotakiwa jogoo imekatazwa. Nilimwambia kijana aende salama. Wengine walinishauri nimgawie mtu wa shamba mbali. Kumpa mtu jogoo wa namna hiyo pasipo kumwambia ni kumpelekea yeye hasara yako, na ukimwambia, hamtaki.

Ilibaki kumwarifu shemeji, maana zawadi ya shemeji si kitu cha kuchinjwa kimya kimya. Nilimpigia simu nikamweleza yote kwa adabu. Alinyamaza kidogo. Kisha aliuliza, "Jicho zima?" Nikasema zima. "Chinja, shemeji," akasema. "Wa kwetu ni wengi."

Nilimwomba yule mzee achinje yeye, ili nyumba zote mbili zipate kula. Alimshika jogoo kwa mkono mmoja kama ashikavyo changu. Nyama ya kuchi mzima ni ngumu. Ilikaa motoni tangu adhuhuri hata karibu na magharibi, na nazi mbili ziliingia. Paja moja lilikwenda kwa jirani katika bakuli lililofunikwa, na kijana akalirudisha bakuli mwenyewe, tupu, bandeji ikiwa bado usoni.

Ameacha pora watatu. Mmoja ameanza kuwika, na huwapisha watoto njia. Wa pili bado sijamjua. Wa tatu, mkubwa kuliko wenzake na mzuri wa umbo, juzi aliangusha bawa kijana alipopita na ndoo. Nimekwisha sema na mzee. Atakuja Ijumaa baada ya sala.