Mtoto Akishindwa Somo Moja



Mwezi wa Julai huku kwetu kwenye miteremko ya Kilimanjaro ni mwezi wa baridi, wa kuchuma kahawa, na wa majibu ya kidato cha sita. Majibu yakitoka, habari hupita vihambani upesi kuliko maji ya mfongo. Mwenye mtoto aliyefaulu hupika mbege. Mwenye mtoto aliyeanguka hufunga mlango mapema. Lakini yuko na mzazi wa tatu, asiyejua acheke au alie. Huyo ni mzazi ambaye mtoto wake amefaulu vizuri masomo yote ila moja, na hilo moja ndilo limesimama mlangoni pa kazi anayoitamani. Mimi ni mzazi wa namna hiyo. Kwa kuwa najua kila mwaka tunaongezeka, nimeona vema niwaandikie tuliyoyapitia nyumbani kwetu.

Binti yangu alitaka kuwa daktari tangu alipokuwa na miaka 9. Mwaka ule bibi yake alichukuliwa mgonjwa sana, hata tukadhani harudi, akarudi anatembea kwa miguu yake. Tangu siku hiyo mtoto hakusema habari ya kazi nyingine. Akasoma Fizikia, Kemia na Biolojia, na majibu yake yakawa haya: Biolojia B, Kemia C, Fizikia E. Ilikuwa daraja la pili, pointi 10. Wanajumuiya wakaja kutupongeza na kuimba. Mwenyewe alikuwa nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, analia.

Hesabu mbili za pointi

Nilimwuliza, "Mwanangu, daraja la pili nalo ni la kulilia?" Akanijibu, "Mama, ni ile E." Kisha akanieleza jambo ambalo wazazi wengi hatulijui, nami nawaeleza kama alivyonieleza.

Baraza la Mitihani huhesabu A kuwa 1, B kuwa 2, C kuwa 3, D kuwa 4 na E kuwa 5. Hapo mwenye pointi chache ndiye mshindi. Vyuo vikuu huhesabu kinyume chake: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hapo mwenye nyingi ndiye mshindi. Kwa hesabu ya vyuo, binti yangu alikuwa na 4 na 3 na 1, jumla 8. Mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, ambayo wengi huiita TCU, unataka anayeomba udaktari awe na jumla isiyopungua 6.

Nikasema, "Basi 8 si zaidi ya 6?" Akasema, "Ndiyo, Mama, lakini kila somo katika yale matatu lazima lifike D." Yaani mtoto aliyepata D tatu ana pointi 6 tu, naye anaruhusiwa kuomba. Wangu mwenye 8 haruhusiwi. D huanzia alama 50, na E ni kati ya 40 na 49. Hatukujua alama yake hasa, lakini tulijua haikufika nusu.

Niliona jambo hili halina haki, nikaenda kumwuliza mzee mmoja jirani, mwalimu wa sayansi aliyestaafu. Yule mzee alikuwa ameketi juu ya kigoda cha miguu mitatu. Akasimama, akakigeuza, akasema, "Mama, mguu mmoja ukiwa mfupi, hii miwili hata ukiirefusha utaanguka tu." Akanieleza kuwa kupima presha, kusoma picha ya eksrei na kumpimia mgonjwa hewa ya oksijeni, yote hayo yana Fizikia ndani yake. Nikamwambia kwamba shuleni kwao walikaa karibu kidato cha tano chote bila mwalimu wa somo hilo, na vyombo vya majaribio walivishika mara chache. Akasikitika, akasema, "Hiyo ndiyo sababu. Lakini mgonjwa hatauliza sababu." Neno hilo liliniuma, nalo ni kweli.

Njia za mkato

Hapo ndipo washauri walipoanza kuja. Wa kwanza alisema tuchukue barua ya Paroko tuipeleke Mwanza, kwenye Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afya pale Bugando, kwa kuwa ni chuo cha Maaskofu wetu. Nilimwendea Paroko. Akaniambia bila kuzungusha maneno kuwa barua yake yaweza kueleza mwenendo mwema wa mtoto, lakini haiwezi kugeuza E kuwa D. Akasema Bugando, Ifakara, KCMC hapa Moshi na Muhimbili kule Dar es Salaam, wote wako chini ya Tume ile ile.

Wa pili alikuwa mtu wa mjini, aliyenikuta sokoni Mbuyuni nikiuza ndizi. Alisema anajua njia ya kuingiza jina la mtoto chuoni, akataja fedha ambazo ni bei ya kipande cha kihamba. Wa tatu alisema habari za chuo cha nchi za nje kisichouliza sana mambo ya alama. Nilipomwuliza kama chuo hicho kinatambuliwa na TCU, na kama mtoto akirudi ataandikishwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, alisema hayo tutayajua mbele ya safari.

Babu yake binti alikuwa tayari kuuza. Mjue, kihamba chetu ndicho chenye makaburi ya wazee wetu, na kahawa yake ndiyo iliyowasomesha watoto wake wote. Mzee akasema, "Kama ni kwa ajili ya daktari wa kwanza wa ukoo, kiuzwe." Tulikaa kikao cha ndugu kuanzia saa kumi hadi usiku. Nilisema kwa heshima, "Baba, kihamba kikiuzwa kwa ada ya kweli, sitazuia. Lakini huyu wa mjini anauza kitu kisichokuwa chake. Na mtoto akiingia kwa uongo, atatibu watu kwa uongo." Mume wangu aliniunga mkono. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi aitwe mwenyewe tumsikie." Binti aliitwa, akasema neno moja: "Sitaki kuwa daktari wa kununuliwa." Kihamba hakikuuzwa.

Milango iliyo wazi

Kesho yake tulikaa na karatasi ya majibu, cheti cha kidato cha nne, na mwongozo wa TCU ambao mwalimu jirani alitutolea kwenye kompyuta. Tukaona milango mitatu iliyo wazi.

Wa kwanza ni kurudia Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ni njia fupi, lakini mtoto angehitaji mwalimu na mahali pa kufanyia majaribio, maana hapo ndipo alipokuwa dhaifu. Wa pili ni kuomba kozi nyingine ya afya ambayo sharti lake la Fizikia ni jepesi zaidi, kama shahada ya uuguzi. Wa tatu ni stashahada ya utabibu, miaka 3, ambayo huangalia masomo ya kidato cha nne. Aliyeimaliza kwa wastani wa B, au GPA isiyopungua 3.0, aweza kuomba shahada ya udaktari, ili mradi cheti chake cha kidato cha nne kina D au zaidi katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza.

Hapo namwomba kila mzazi asome mara mbili. Wengi hukimbilia mlango huu wa tatu bila kutazama ile Hisabati ya kidato cha nne, kisha baada ya miaka 3 wanakuta kizuizi kingine. Binti yangu alikuwa nayo, C, nasi tulimshukuru Mungu.

Alichagua utabibu. Tulihesabu naye: miaka 3 ya stashahada, miaka 5 ya udaktari, na mwaka 1 wa mazoezi hospitalini, jumla 9. Wenzake wenye D watamaliza kwa 6. Hatukumficha hilo.

Wako waliomcheka kuwa ameshuka. Paroko alipomwona amenyong'onyea alimwambia habari za Mtakatifu Yohane Maria Vianney, aliyeshindwa Kilatini seminarini hata akarudishwa nyumbani, akaja kupata upadre mwaka 1815, na leo ndiye msimamizi wa maparoko. Mimi nikasema, "Padre, lakini dawa hupimwa kwa miligramu, si kwa utakatifu." Akacheka, akasema, "Ndiyo maana namtaja. Naye alijifunza tena, akaulizwa tena. Hakuna aliyemnunulia Kilatini."

Tena tukumbuke nchi yetu ilikotoka. Mwalimu Nyerere alikuwa akisema kwamba tulipopata Uhuru mwaka 1961 madaktari wananchi walikuwa 12 tu. Shule ya udaktari Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1963, KCMC ikafunguliwa mwaka 1971, na chuo chake cha udaktari kikaanza mwaka 1997. Katika miaka ile yote ya mwanzo, ni nani aliyewatibu watu wa vijijini? Ni matabibu, wauguzi na masista. Anayemwita tabibu mtu aliyeshindwa, na akumbuke ni nani aliyemtibu malaria utotoni mwake.

Alivyo sasa

Binti yangu yuko mwaka wa tatu. Noeli iliyopita, ndugu wote walipopanda kutoka mijini, aliwakusanya wadogo zake akawafundisha kuhesabu matone ya dripu kwa saa ya ukutani. Alisema mpira ukitoa matone 20 kwa mililita moja, lita moja ya maji kwa saa 8 ni kama matone 42 kila dakika. Yakizidi moyo hulemewa, yakipungua mgonjwa hukosa maji. Shangazi yake akauliza, "Hiyo nayo Fizikia?" Akasema, "Ndiyo, Shangazi. Siku hizi naisoma jioni kila siku, maana nimeona kazi yake."

Kama atafika udaktari sijui. Wastani wake mpaka sasa unatosha, na nafasi za vyuoni hugombaniwa na wengi. Asipofika, kijiji kimepata tabibu anayejua kuhesabu matone.

Wazazi wenzangu, nawaombeni mambo machache. Mtoto akichagua sayansi, ulizeni mapema kama shule ina mwalimu wa kila somo, msingoje Julai ya kidato cha sita. Majibu yakitoka, msitazame daraja peke yake; someni kila somo na sharti lake. Mtu akiwaahidi nafasi kwa fedha ya mkononi, mwambieni aandike ahadi yake mbele ya balozi wa nyumba kumi, nanyi mtaona atakavyoondoka. Na mtoto akilia kwa ajili ya E moja, msimwambie anyamaze kwa kuwa wengine wamepata sifuri. Leteni karatasi mezani, washeni taa, msome naye mpaka mjue ni mlango gani uliofungwa na ni upi ulio wazi.